Madirisha Mawili

Niš, 19 Julai

Mama mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi pamoja na za Bibi. Natumaini maji ya moto ya huko Banja yameanza kukulegeza mgongo, na yule mwenzako wa chumbani amepunguza kukoroma. Sisi hatujambo. Bibi ana nguvu kuliko ulivyomwacha, na sababu nitaieleza mbele. Nimeandika badala ya kupiga simu kwa kuwa kwenye simu ungeanza kupiga kelele kabla sijafika katikati.

Unajua lile somo la Mazingira na Kuhimili Tabianchi limeniangusha mara mbili. Safari hii ilikuwa ya mwisho: nikianguka tena, chuo basi, miaka minne imekwenda na maji. Kazi aliyotupa Profesa Lazarević ilikuwa kupoza nyumba ya mtu kwa wiki nzima bila kiyoyozi, kwa kufungua madirisha ya pande mbili ili upepo upite, huku tukiandika nyuzijoto kila siku.

Miloje, ninayekaa naye darasani, akaninong'oneza kwamba mzee anataka kutumaliza kwa promaja, huo upepo wa kukatiza nyumba. Wewe mwenyewe umenilea nikijua kuwa upepo ukiingia huku na kutokea kule, figo zimekwisha, meno yamekwisha, na kizazi chenyewe kina mashaka. Profesa akasema huo ni ujinga, sisi ni watu wa sayansi, tufungue madirisha ya darasa. Tukafungua. Dakika haikupita, akasogeza kiti chake pembeni na kuvaa koti. Nyuzi thelathini na sita, Mama, na mtu anafunga vifungo vya koti!

Shida ikawa kupata nyumba. Shangazi Stamena aliniuliza kama nimechanganyikiwa. Mama yake Miloje alinitoa mlangoni kwa ufagio, akasema yeye mtoto wake ni mmoja tu, nikaijaribie sayansi yangu kwa maadui zake, anwani atanipa.

Mwishowe nikapata nyumba ghorofa ya nne, ya ajuza wa miaka themanini na moja. Siku ya kwanza aliniita muuaji. Akajifunga skafu mbili, akavaa soksi za sufu, akajipaka pombe kali ya rakija kwenye paji la uso, kisha akakaa katikati ya upepo angoje kufa, ili nione aibu mazishini. Badala ya kufa, akasinzia. Alilala saa tatu nzima, yeye ambaye tangu joto lianze alikuwa hafumbi jicho. Alipoamka akauliza kwa ukali nani kafunga dirisha, kumbe upepo ulikuwa umetulia tu. Siku ya tatu akavua skafu. Joto la ndani lilishuka kutoka nyuzi thelathini na nne hadi ishirini na saba.

Profesa hakuamini, akaja kukagua. Ajuza akamkalisha katikati ya madirisha, akamwandalia kahawa, akamwambia, "Kaa hapo hapo, mwanangu, mbona unajikunyata? Mimi nipo hapa wiki nzima na sijazikwa." Masikini alikaa nusu saa, mkono shingoni. Amenipa tisa juu ya kumi, nimefaulu! Tangu juzi shingo yake haigeuki, lakini anasema alilala vibaya.

Sasa Mama, kama umesimama, keti. Nyumba ile ni yetu, na ajuza ni mama yako. Najua uling'oa kishikio cha dirisha la jikoni ukaondoka nacho kwenye mkoba, tusije tukashawishika. Nilifungua kwa plaisi. Kila jioni ulipopiga simu kuuliza kama kumefungwa, nilikudanganya. Nilitaka kufaulu, sikatai. Lakini nilikuwa nikimsikia Bibi akihema kitandani kwa lile joto, na niliogopa kumpoteza yeye kuliko nilivyoogopa mtihani. Nisamehe.

Unarudi Jumamosi. Nilimwomba Bibi tufunge kabla hujafika, kila kitu kionekane kama ulivyokiacha. Akasema nisimletee upuuzi. Kile kishikio, anasema, kaa nacho. Plaisi anayo yeye, analala nayo chini ya mto.

Msalimie huyo mwenzako anayekoroma. Mungu akurudishe salama, na mgongo mpya.

Mwanao akupendaye,
Senka

Bibi anasema uje na skafu yako mwenyewe, zake hazipo tena.