Siku Unaponiita Mama

Kalemie, Jumanne

Ndugu yangu Aboubacar,

Salamu kutoka nyumba ya marehemu Papa. Huku ndakala, dagaa wa ziwa letu, ni wengi, na kuku wa jirani Éliane wanalikimbilia kopo lake la mahindi hata likiwa tupu.

Nakuandikia kwa sababu simu yako imekwisha kunifundisha kunyamaza. Nikiuliza hati za nyumba hii ziko wapi, unasema, "Chadia, acha maneno," kisha unapotea wiki mbili. Nisipouliza, unapiga mwenyewe: "Mama, umeamukaje? Wewe njo mama yetu sasa." Uliponiita Mama mara ya nne ndipo nilipoanza kukushuku.

Jana watu wawili walikuja kupima kiwanja hiki na kupigilia vigingi, wakasema wewe umewatuma kutoka huko kwako Kabalo. Mimi, ninayebishana na mapadri na mashehe redioni, niliwapa viti nikafunga mdomo. Jioni ukapiga: "Asante, Mama." Nilifurahi, Aboubacar, na furaha hiyo ikanitisha.

Leo asubuhi nimeng'oa vigingi vyao. Alhamisi nitakuwa kwenye biro, ofisi ya ardhi, nitauliza mbele ya watu wote kama umeuza nyumba ninamolala. Uje unijibu pale.

Dada yako,
Chadia