Ngoma Iliyokutaja

Rongai, Nakuru
Mei 1957

Kwa mume wangu Kipkemei,

Sisi ni wazima, na mahindi yameota vizuri. Barua yako ya kutoka chuo cha Ibadan imefika. Barua nzima ni ngoma tu! Ati ngoma ya Wayoruba husema kama mdomo, na huyo msichana wako wa huko, Abeke, akisikia inawataja babu zake, anacheza mpaka machozi yanakutoka. Mimi nilipocheza kwenye harusi ya dada yako, ulikuwa unapiga miayo.

Halafu unasema, kama jambo dogo, kwamba ngoma ilikutaja wewe pia, pamoja na babu zake. Kwani wewe ni nani nyumbani kwao?

Mtoto amezaliwa, mvulana. Wanawake walikaa kumpa jina kwa desturi yetu. Mama yako aliwaita wazee wenu waliokufa, mmoja mmoja, akingoja mtoto apige chafya, maana chafya ndiyo jibu la mzee anayempa mtoto jina. Aliita mpaka sauti ikamkauka. Kimya. Alipoitwa Kimosop, babu yangu mimi, mtoto akapiga chafya papo hapo.

Usitulaumu. Wazee wako tuliwaita. Labda walikuwa Ibadan, wanacheza.

Mimi mkeo, bado,
Chepkosgei