Vijani Saba

Jumamosi, 10 Mei

Nimefika kwa Shangazi saa tano asubuhi. Amekonda! Nguo zinamning'inia kama zimeanikwa. Macho ndiyo basi tena — anaona mwanga wa dirisha, hakuna zaidi. Daktari amenivuta pembeni: tusihesabu miezi, tuhesabu wiki. Nimeitikia tu.

Yeye mwenyewe anataka habari za kitalu cha maua ninapofanya kazi. Nikamweleza kazi yangu: nachukua jicho la kuchipua la mwaridi wa maua makubwa, nalibebesha kwenye shina la mwaridi mwitu. Mwitu ukitoa maotea, machipukizi yake mwenyewe, chini, nakata, la sivyo unammeza mwenziwe. Tunautambua kwa majani. Jani lenye vijani vitano, wetu. Saba, mkasi. Shangazi kacheka mpaka kakohoa. Eti watu wa kitalu hatuna adabu, tunamkata anayetubeba.

Jumapili, 11 Mei

Mkono usiozoea kukaa bure! Nimeingia ua wa nyuma, nimefagia, nimeng'oa magugu. Ukutani kuna mwaridi umenizidi kimo, saba saba kila jani. Nikajua tu, mwitu umeshamuua mwenziwe. Nimekata mpaka chini, nimechoma takataka zote. Nikajiona mtu wa maana.

Baadaye, baada ya chai.

Shangazi kauliza matumba yamefika mangapi. Matumba gani? Ya mwitu wake wa ukutani. Alichuma tunda lake kule mlimani, mwaka aliofiwa na mumewe, pale walipozoea kutembea wawili. Mbegu akazifukia kwenye mchanga. Zikalala miaka miwili, ikaota moja. Ameilea miaka saba, haijatoa ua hata moja. Mwaka huu jirani kamwambia kaona matumba. Anataka kulinusa ua moja tu, basi, aende zake.

Niliyaona matumba. Kitaluni otea lenye matumba linakatwa vilevile, tena haraka zaidi.

Nimemjibu kumi na moja. Mdomo umesema wenyewe. Mungu wangu, nimefanya nini?

Jumatatu, 12 Mei

Sijalala. Nimempigia Kisu, fundi aliyenifundisha kubebesha. Kaniuliza kama nilitafuta kovu la kubebesha, pale jicho linapoungana na shina, kabla ya kukata. Kovu! Jambo la kwanza alilonifundisha. Sikutafuta. Nilihesabu majani tu, kama mashine.

Anasema utachipua, mizizi ya mwitu haifi kirahisi. Lakini hautoi ua kwenye tawi la mwaka huu. Mpaka mwakani.

Nikamwambia hatuna mwakani.

Shangazi kauliza tena. Nimesema yanakaribia.

Jumanne, 13 Mei

Vishina vinne. Nimevimwagilia maji. Mjinga mkubwa mimi.

Jumatano, 14 Mei

Nimekwenda sokoni kwa wauza maua, nimepata mwaridi wa rangi ya waridi hafifu, ua jembamba la petali chache, ndilo linalokaribia. Nimekata tawi moja, nimemletea kitandani. Limechanua, Shangazi, nimekuletea.

Kalinusa muda mrefu sana. Uso umelainika, nikamwona kama zamani alipokuwa akinisuka nywele. Nikasema moyoni, imepita. Nimeona aibu, na nimefurahi, vyote pamoja.

Halafu vidole vikashuka kwenye jani. Kijani kimoja, kingine, taratibu. Nimemfundisha mwenyewe, juzi tu! Akafika cha tano, kidole kikakosa pa kwenda. Akarudia. Tano. Akatafuta jani jingine. Tano.

Halafu, bila hasira, bila chochote: "Mwanangu, nishike mkono unipeleke ukutani."

Nimemwambia nakuja, natafuta viatu vyako.

Viatu viko mapajani mwangu. Nimekaa hapa ukumbini naandika ujinga huu, namsikia mle chumbani anafunga vifungo vya sweta peke yake, kimoja kimoja. Anauliza kama nimeviona viatu.