Bwana Mkubwa Anatokwa na Jasho

Jumapili, 6 Aprili

Hakuna friji duniani linaloweza kunishinda. Nusu ya maisha yangu nimeyamaliza kwenye karakana ya mafriji. Nimeyaona yote — ya mlango mmoja, ya milango miwili, ya gesi, ya mafuta ya taa.

Haya, acha uongo, mzee. Hapa hakuna anayesoma. Nilikuwa mlinzi wa geti. Mafriji niliyaona yakiingia yamebebwa na yakitoka yamebebwa, na kazi yangu ilikuwa kunyanyua kile chuma cha getini na kukishusha. Lakini mkwe wangu, siku alipokuja kuposa, aliniuliza nilikuwa na kazi gani. Nikasema: mafriji. Akainamisha kichwa kwa heshima. Sasa mtu anakuheshimu, wewe umkatize?

Leo imenitokea puani. Mchana friji la jikoni limepiga alamu — ti! ti! ti! — nyumba nzima imeruka. Mkwe akaja chumbani kwangu, akasimama kama kawaida yake, mguu mmoja ndani, mwingine nje.

"Baba, samahani kukusumbua. Wewe ndiye mwenye fani. Hebu litazame."

Na hili si friji la watu wa kawaida! Limejengwa ndani ya ukuta, likavalishwa mbao zilezile za makabati, mgeni hawezi kujua liko wapi. Wiki niliyohamia hapa nilidhani ni kabati, nikatundika koti langu ndani. Lilitoka limekakamaa kama limekufa. Tangu hapo namwita Bwana Mkubwa. Juu, karibu na dari, ana wavu wa chuma wenye matundu marefu. Ndiyo pua yake.

Basi nimelitazama. Nimeweka sikio mlangoni, nimefumba macho, nimesema "Mmmh." Nimegonga hapa, nimegonga pale. Kile kioo kidogo cha mlangoni kinachoonyesha joto la ndani kinatakiwa kisome tatu. Kilisoma tisa. Watu wote wananisubiri! Nikakumbuka kitu kimoja cha kule karakana: mafundi walikuwa wakibana karatasi kwenye mlango, kisha wanaivuta. Nikaomba karatasi. Nikabana, nikavuta, ikatoka. (Nilivuta kwa nguvu kidogo.)

"Mpira wa mlango," nikasema. "Haukamati. Mlango huu unaachwa wazi."

Mkwe akageuka, akamtazama Chiriku, dada wetu wa kazi. Hapo sikupapenda.

Jumatatu, 7 Aprili

Chiriku ndiye anayetupikia, anatufulia, anatugombeza. Jina nimempa mimi, kwa kuwa hanyamazi hata akiwa anakunywa maji. Ana watoto wawili, wako kwa mama yake, na yeye ndiye wanayemtegemea. Watu wengine wa nyumba hii wananiuliza kama nimemeza dawa. Yeye ananiuliza nitaoa lini.

Leo asubuhi amenijia na mwiko mkononi.

"Babu, umenichongea! Mimi mlango ule nafunga, halafu nausukuma na makalio!"

"Na makalio hayo? Basi ndiyo yameuvunja."

"Wee! Mzee hana adabu huyu!" Lakini hakucheka mpaka mwisho. Cheko lake limekatika njiani.

Kioo kinasoma kumi na moja. Maziwa yamekatika. Bwana Mkubwa ananguruma asubuhi mpaka jioni bila kupumzika, na mbao zake zimeanza kutoa jasho. Nimemwambia mkwe kwamba ni kawaida kwa friji la daraja lake. Sijui nilimaanisha nini.

Jioni nilikuwa napita koridoni. Sisikilizi maongezi ya watu, lakini masikio yana tabia yake. Mkwe alikuwa akimwambia binti yangu kwamba friji lile si la kuchezewa, dada amekuwa mzembe, hata Baba ambaye ni mtaalamu amethibitisha. Kikiharibika kitu kingine, Jumamosi aende kwao. Binti yangu akasema lakini jamani. Mkwe akasema hapana. Binti yangu akanyamaza. Namjua toka anatambaa — akinyamaza, amekubali.

Hata Baba ambaye ni mtaalamu!

Jumatano, 9 Aprili

Ah. Ah, jamani. Ngoja niandike polepole.

Nguo zangu za ndani nafua mwenyewe. Chiriku alishaomba mara nyingi nimpe, nimekataa. Mtu anabakiwa na vitu vichache vya kuficha. Nafua bafuni, kwenye ndoo yangu. Shida ni kuanika. Kamba iko mbele ya dirisha la sebule, na hapo dirishani ndipo mkwe wangu anapokaa na gazeti lake. Mkwe aione chupi ya baba mkwe wake inapepea! Bora aione maiti yangu. Halafu ni mvua, mvua, mvua — toka mwezi uliopita hakuna kinachokauka.

Basi niligundua pua ya Bwana Mkubwa. Pale juu anapuliza hewa ya moto, safi kabisa! Binti na mkwe wakiwa kazini, Chiriku akiwa ametoka kwenda dukani, napanda stuli, napachika vitu vyangu kwenye matundu ya wavu. Baada ya muda mfupi vimekauka, vina joto zuri, unavivaa unajisikia mtu aliyependwa. Nilijipongeza. Nilisema mzee una akili.

Leo nimeanika mbili. Niliporudi nikaikuta moja. Ile ya kijani, yenye mpira uliolegea, haipo! Nikatafuta sakafuni, nyuma ya stuli, kwenye sinki. Hakuna. Ndipo nikakumbuka ile ya kahawia iliyopotea wiki jana, nikasingizia upepo. Upepo gani ndani ya nyumba?

Nikaweka kiganja kwenye wavu. Joto kali, lakini upepo hakuna. Kumbe pua ile upande mmoja inapuliza, upande mwingine inavuta. Imevuta! Imezivuta zote mbili ndani, pamoja na manyoya yote ya mataulo yangu ya mwezi mzima (taulo nazo nilianika, ndiyo). Nimemziba Bwana Mkubwa pua. Hapumui. Ndiyo maana anatokwa na jasho, ndiyo maana ananguruma, ndiyo maana maziwa yamekatika.

Mlango hauna kosa. Chiriku hana kosa. Mtaalamu ndiye ugonjwa.

Alhamisi, 10 Aprili

Nimejaribu kuzitoa. Siri ingeondoka na ushahidi, friji lingepoa, ningesema nimerekebisha mpira. Mpango mzuri.

Nilipanda na tochi na koleo la kugeuzia nyama. Wavu umefungwa kwa skrubu ambazo sina bisibisi yake, ikabidi nipitishe koleo kwenye tundu. Nikamulika. Looo! Ndani kuna blanketi la vumbi, zito, kama paka mzee amelala. Na kwenye kona, kijani! Nikaikamata kwenye mpira. Nikavuta. Ikaja… ikaja… mpira ukarefuka mpaka usoni kwangu… pwaa! Ikarudi ndani, mbali kuliko mwanzo. Hata chupi yangu imenikataa.

Mara, sauti: "Baba! Utaanguka!"

Mkwe. Amerudi mapema. Akadaka miguu yangu kwa mikono miwili — mkwe ambaye hajawahi kunigusa zaidi ya kiganja! — huku amegeuza uso pembeni kwa adabu, kama vile miguu yangu ni siri ya serikali.

"Nakagua," nikasema kutoka huko juu.

"Umeona nini, Baba?"

Mlango wa kusema ulikuwa wazi kabisa. Ningeweza kupita. Nikaangalia kisogo chake, kimeinama kwa heshima, ulimi ukasema wenyewe: "Vumbi."

Nusu ya kweli. Amepiga simu, fundi wa friji atakuja Jumamosi.

Usiku wa leo kuku mzima ametupwa. Alikuwa ananuka mpaka sebuleni. Mkwe amemwita Chiriku pembeni, hakupaza sauti. Chiriku amerudi jikoni akaosha sufuria ambayo ilikuwa safi.

Ijumaa, 11 Aprili

Chiriku amenyamaza. Siku nzima! Nimemchokoza kuhusu yule wa duka la dawa anayemwita mchumba wangu. Amesema "Ndiyo, Babu." Ndiyo, Babu! Kumbe hii nyumba ni kubwa hivi.

Wakati wa chai nimejaribu. "Mkwe, lile friji…" Akaweka kikombe chini, akainamisha kichwa: "Naam, Baba?" Nikaomba sukari. Chai ikawa tamu mpaka haikunyweka. Nikainywa.

Shetani ananiambia: nyamaza. Fundi atatoa matambara mawili yaliyochakaa, nani atajua ni nini? Nani atajua ya nani? Shetani ni msomi.

Jumamosi, 12 Aprili

Fundi amekuja. Mtu mnene, mcheshi, ana viatu vya mpira. Mimi, binti na mkwe tumesimama jikoni kama tuko kwa daktari. Begi la Chiriku liko karibu na mlango wa nyuma, limefungwa kwa kamba.

Fundi amefungua mlango, amefunga, amepitisha kidole kwenye mpira. "Huu mpira mzima kabisa. Nani alisema mbovu?"

Nimetazama dari.

Kisha na yeye akatazama dari, yaani wavu. Akaweka mkono. "Heee. Huku mnasafisha?" Akaeleza kwamba nyuma ya wavu kuna koili, ndiyo inayotupa joto nje, na kila baada ya miezi sita ifagiwe kwa brashi laini na mashine ya kuvuta vumbi. Ikizibwa, friji litafanya kazi mpaka life. Tumenunua friji la kifahari hatujawahi kulipangusa pua! Mkwe akanigeukia taratibu. Kwa mara ya kwanza ameniangalia machoni. Fani yangu nimeiona ikishuka pale kama chuma cha getini.

Fundi akamulika tochi. "Na kuna kitu kimenasa humu. Nguo nguo hivi."

"Nguo?" Mkwe akavuta pumzi. "Nguo za nyumba hii anafua nani?"

Wote tunajua anafua nani. Binti yangu akatazama lile begi. Nikaona jinsi jambo lilivyojiandika lenyewe, bila mimi kutia hata nukta. Mwanamke wa watu ataondoka na aibu ambayo ni saizi yangu.

Nimesema nafuata miwani. Miwani iko usoni.

Nimekaa kitandani, naandika ili nipate pa kuanzia. Fundi ametoka kwenda kwenye gari kuchukua ngazi na bisibisi ndefu. Nitakwenda. Nitasema. Kusema lazima niseme. Najaribu maneno: "Mkwe, zile ni zangu." Hapana — atauliza zipi. "Mkwe, mimi mwenyewe…" Loo! Jasho la Bwana Mkubwa limehamia kwangu.

Chiriku amechungulia. Amevaa viatu vya safari.

"Babu, nimekuja kuaga. Unaandika wosia?"

"Karibu na hapo. Kaa."

"Sikai. Nikikaa nitalia, na poda nimeshapaka."

Nimemwambia asubiri nimalize mstari. Hajui nitakachosema kule, na akijua atanicheka mpaka uzee wake. Haki yake. Ngazi inagonga ukuta wa koridoni, fundi anarudi.

"Chiriku. Lile bakuli la kioo la binti yangu, lile la harusi. Nani alisema amelivunja yeye mwenyewe?"

"Wewe, Babu."

"Na nani alilivunja?"

Anachezea mkanda wa pochi. "Mimi, Babu."

"Basi leo unilipe. Kamwite binti yangu, mtoe nje ya nyumba. Mwambie umemwachia kitu bustanini, mwambie lolote. Kuna neno naweza kumwambia mkwe wangu nikafa kidogo tu. Lakini mtoto niliyemzaa akiwa amesimama pale, siwezi. Dakika mbili tu, Chiriku — mpeleke akatazame maua."