Kitambaa cha Madhabahuni

Mjukuu wangu Neema,

Bibi yako alikufa Jumanne. Tumeshamzika. Shikamoo yako nimeipata, marahaba. Mama yako mdogo yupo hapa, ananipikia.

Uliuliza kama niliwahi kumkataza bibi kazi za kanisani. Mara moja tu. Tulikuwa vijana, tunakaa Jangwani, mvua ikaingiza maji ndani. Akakimbilia vitambaa vya madhabahuni alivyopewa kufua, godoro letu akaliacha linalowa. Nikamfokea, "Umeolewa na mimi au na kanisa?"

Akasema, "Na wewe. Ila godoro ni letu, tutalala chini. Hivi ni vya watu."

Toka siku hiyo nikibeba mzigo wa mtu pale Kariakoo siutui ovyo.

Sasa Jumamosi akina mama wa kanisa wanakuja kuchukua vitambaa vyao. Kile cheupe chenye msalaba sikioni. Nimepekua kabati, ndoo, mpaka chini ya kitanda. Sitaki wamseme marehemu. Wewe ulikuwa unamsaidia kupiga pasi, alikuwa anakiweka wapi? Nipigie hata mchana, simu itakuwa mfukoni. Kesho narudi kazini.