Kitanda Kilichovushwa Topeni

Dada Wairimu,

Hamjambo hapo Buruburu? Mimi mzima, ila kwa Mama sijafika. Mvua imeporomosha mlima, barabara ya Kangema imefungwa, na magari yamekwama pande zote mbili.

Jana mchana, watu wa ng'ambo ya maporomoko walimleta mjamzito juu ya kitanda. Uchungu ulikuwa umemshika, na hospitali iko upande wetu. Nyumba yake na mumewe ilizikwa na udongo asubuhi hiyohiyo. Tulishuka kuwapokea, tope magotini, mawe bado yakianguka. Mumewe aliniambia, "Shika hapa, ndugu yangu, mikono yangu imekwisha nguvu." Tukawa tunasimama kila mlima uliponguruma. Mjamzito mwenyewe ndiye aliyetutuliza: "Nendeni polepole. Nikianguka, tutaanguka wote."

Dereva wa lori la majani chai aligeuza gari akampeleka. Leo mumewe amerudi kutushukuru, akicheka huku machozi yakimtoka. Wamepata msichana, na mama na mtoto wote wazima. Nilipomuuliza watalala wapi, alisema majirani wanawagombania.

Wabusu watoto, na mtuombee jua.

Kaka yako,
Kamau