Mashua Moja, Mukwe na Mama Mukwe

Mama, na wewe Baba Chris,

Bukari ya unga iko ndani ya sufuria, samaki chini ya sahani. Nimepeleka batoto kisiwa cha Kilwa, hapa ziwani.

Asubuhi Mama alipanda mashua, Baba Chris akashuka. Baba Chris akapanda, Mama akajifunika kitenge na kushuka. Mara tatu. Mwenye mashua akaniuliza nani kamwibia nani. Najua, mukwe hakai uso kwa uso na mama mukwe. Lakini batoto walivuka mpaka wa nchi kuona kisiwa, si kuwahesabu ninyi mkipanda na kushuka.

~~Tutarudi saa sita.~~ Tutarudi saa kumi, nimewaongezea muda. Tulikuja kwa mashua mbili. Ya kesho, ya kurudi Pweto, ni moja tu. Muanze mazoezi. Sufuria nayo ni moja.

Mutoto wa mmoja, muke wa mwingine